Mtaa wa Castro: nani aliuguza, nani alizika

Msomaji mmoja ametuandikia hivi: "Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Bukoba. Miaka ya themanini tuliuguza wagonjwa wa UKIMWI majumbani mwao. Hata aliyesemwa na kunyanyapaliwa hakukosa bibi au shangazi wa kumwosha, na akifa ukoo ulimzika kibanjani kwao. Mjukuu wangu ananiambia kwamba Marekani, katika jiji la San Francisco, kuna mtaa wa Castro wa wanaume wanaopenda wanaume, na kwamba ugonjwa uliwapiga wakati uleule uliotupiga sisi. Anasema wengi walikuwa wamekataliwa na wazazi wao. Basi nani aliwauguza? Nani aliwazika? Na huo mtaa mbona bado upo?"

Shikamoo mama. Jibu la harakaharaka ni kwamba waliuguzana. Rafiki alimuuguza rafiki, kisha naye akaugua, akaja mwingine. Wengi walioanza kama wasaidizi waliishia kuwa wagonjwa wa kusaidiwa. Lakini ningekupa jibu hilo peke yake ungedhani ni habari ya huruma tu, na huruma ilikuwepo katika miji mingi ambayo wagonjwa walikufa wakiwa wapweke. Castro ilikuwa imekwisha kujipanga kabla mgonjwa wa kwanza hajaonekana, na mimi naona siri kubwa iko hapo.

Castro ni mtaa mdogo, uko bondeni chini ya vilima vya Twin Peaks. Hadi miaka ya 1960 waliishi hapo wafanyakazi Wakatoliki, wengi wa asili ya Ireland, na parokia yao ilikuwa Most Holy Redeemer. Familia hizo zilipoanza kuhamia pembezoni mwa jiji, nyumba zao za zamani za mbao zikabaki kwa bei ya chini. Wakaja vijana wa kiume kutoka kila jimbo, wakazinunua, wakazipanga, wakazipaka rangi. Wapo waliofukuzwa na baba, wapo waliofukuzwa jeshini, wapo waliochoka tu kuishi kwa kujificha. Mwaka 1973 mmoja wao, Harvey Milk, alifungua duka la kamera kwenye barabara ya Castro, na duka likageuka kijiwe cha siasa. Mwaka 1977 alichaguliwa kuingia baraza la jiji. Tarehe 27 Novemba 1978 aliuawa kwa risasi pamoja na meya George Moscone, na muuaji alikuwa mjumbe mwenzake wa zamani. Kwa hiyo mwaka 1981 ulipofika, mtaa ulikuwa na gazeti lake, vyama vyake vya kisiasa, mwakilishi wake barazani, aliyeitwa Harry Britt, na ulikuwa umezoea kuwasha mishumaa na kuandamana usiku kwa ajili ya wafu wake.

Tarehe 5 Juni 1981 serikali ya Marekani ilichapisha taarifa fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia isiyo ya kawaida. Mwezi uliofuata ikatoka nyingine, kuhusu saratani ya Kaposi kwa wanaume wa New York na California. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina. Sasa msikilize muuguzi mwenzako. Bobbi Campbell alikuwa na miaka 29, na madoa ya rangi ya zambarau yalikuwa yamemtokea miguuni. Alipoambiwa kuwa ni Kaposi, akayapiga picha madoa hayo, akaenda Star Pharmacy, duka la dawa lililokuwa kwenye kona ya Castro na barabara ya 18, akaomba azibandike dirishani. Chini yake akaweka maelezo: ukiona kama haya mwilini mwako, nenda kwa daktari. Watu walisimama pale njiani kutoka kazini, wakatazama, kisha wakaenda nyumbani kuvua soksi na kujikagua. Hilo ndilo lilikuwa bango la kwanza la elimu ya UKIMWI mtaani hapo, na halikutoka wizarani.

Campbell alikuwa pia mwanachama wa kikundi cha Sisters of Perpetual Indulgence, wanaume wanaovaa mavazi ya watawa wa kike, wakijipaka poda nyeupe usoni, kwa mzaha na kwa kuchangisha fedha. (Najua mama wa Kikatoliki akisoma hapa atakunja uso. Wakatoliki wa San Francisco nao walikunja.) Mwaka 1982 kikundi hicho kilitoa kijitabu cha kufundisha ngono salama, miongoni mwa vya kwanza kabisa duniani, chenye vichekesho na lugha ya mtaani badala ya lugha ya daktari. Mwaka 1983, Denver, Campbell na wagonjwa wengine walipanda jukwaani kwenye mkutano wa afya, wakasoma madai yao. Walitaka wagonjwa wawe na kiti katika kila chombo kinachoamua habari zao. Wazo hilo limesafiri mbali. Kila kamati ya UKIMWI Afrika Mashariki yenye mjumbe anayeishi na VVU inalifuata, iwe inajua lilikotoka au haijui. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 1984, ana miaka 32, na watu wakajaa barabara ya Castro kumlilia.

Nikirudi kwenye swali lako: nani aliuguza. Hospitali kuu ya umma, San Francisco General, haiko Castro, lakini wagonjwa wa Castro walipelekwa huko. Januari 1983 ilifungua kliniki ya wagonjwa wa nje, Wodi 86, na Julai mwaka huohuo ikafungua wodi ya kulaza, 5B. Aliyeipanga wodi hiyo alikuwa muuguzi, Cliff Morrison, na wauguzi wote waliofanya kazi humo walijitolea kwa hiari yao kupangiwa hapo. Unakumbuka hofu ya miaka ile. Hospitali nyingine sinia la chakula liliachwa mlangoni, likapoa, mgonjwa asiyeweza kutembea akalitazama tu. Kwenye 5B wauguzi waliketi kitandani, walishika mkono bila glavu, walikumbatia. Tena walimwachia mgonjwa mwenyewe aseme ndugu zake ni akina nani. Akisema ni mpenzi wake, au jirani wa ghorofa ya chini, huyo ndiye aliyeingia saa yoyote. Kwa sheria ya wakati ule jambo hilo lilikuwa kubwa, na nitalirudia.

Nyumbani kazi ilifanywa na watu wa kujitolea. Shirika la Shanti lilikuwa limeanzishwa mwaka 1974 upande wa pili wa ghuba, Berkeley, na mwanasaikolojia Charles Garfield, kwa ajili ya watu wanaokaribia kufa. UKIMWI ulipoingia likageukia huko. Lilimpa mgonjwa mtu wake, na mtu huyo alifundishwa kwanza kusikiliza bila kutoa nasaha. Wapo waliokuja kuzungumza, wapo waliokuja kufua, kuosha vyombo, kupiga foleni ya dawa. Mwaka 1985 bibi mmoja mstaafu, Ruth Brinker, alimwona rafiki yake anadhoofika kwa kushindwa kujipikia, akaanza kuwapikia wagonjwa saba. Likawa shirika, Project Open Hand. Miaka miwili baadaye wengine wakaanzisha huduma ya kutembeza mbwa na kulisha paka, maana kulikuwa na watu ambao mnyama wao ndiye jamaa pekee aliyebaki nyumbani. Na alikuwepo Mary Rathbun, bibi aliyepita wodini na keki za bangi alizooka mwenyewe, kwa sababu zilirudisha hamu ya kula kwa watu ambao dawa ziliwatapisha. Polisi walimkamata mara kadhaa. Kesi zake zilisaidia California kuruhusu bangi ya matibabu kwa kura ya wananchi mwaka 1996.

Wanawake, mama. Hilo husahaulika. Kabla ya ugonjwa, wasagaji na mashoga wa San Francisco hawakuwa karibu kama watu wanavyodhani. Kila upande ulikuwa na mabaa yake na manung'uniko yake juu ya mwenzake. Ugonjwa ulipokuja wanawake wengi waliingia jikoni, wodini na kwenye ofisi za mashirika, wakashika nafasi za uongozi ambazo wanaume waliokuwa wanazishika walikuwa wanazikwa. Sijui kama walishukuriwa vya kutosha.

Na lile kanisa la Most Holy Redeemer? Wazee wa Kiireland waliobaki mtaani, wengi akina bibi wajane, walijikuta kwenye benchi moja na vijana wenye madoa usoni. Parokia ikaanzisha kikundi cha kuwasaidia wagonjwa mwaka 1985. Oktoba 1986 Vatican ilitoa barua kali kuhusu wapenzi wa jinsia moja, ikalia katika makanisa yote. Miezi michache baadaye, mwaka 1987, nyumba ya zamani ya watawa wa parokia hiyohiyo ikafunguliwa kuwa Coming Home Hospice, mahali pa kulala na kutunzwa hadi mwisho, vitanda 15. Mtaa huohuo, kwenye hekalu dogo la Kibudha la barabara ya Hartford, mtawa Issan Dorsey, aliyewahi kucheza vilabuni akiwa amevaa nguo za kike, alianza naye kuwachukua wagonjwa. Yeye mwenyewe alifariki kwa UKIMWI mwaka 1990.

Usije ukadhani walipatana. Waligombana vibaya, na ugomvi mkubwa ulihusu nyumba za kuogea, mahali ambapo wanaume walikutana kwa ngono. Mkurugenzi wa afya wa jiji, Mervyn Silverman, alisitasita kwa miezi, kisha tarehe 9 Oktoba 1984 akaamuru 14 kati ya nyumba hizo na vilabu vya aina hiyo vifungwe. Mwezi uliofuata mahakama ikaviruhusu kufunguliwa kwa masharti ya uangalizi, lakini wateja walikuwa wameanza kukimbia na vingi vikafa vyenyewe. Waliotaka vifungwe walisema watu wanakufa. Waliopinga walisema polisi wamevamia mabaa yetu miaka yote, mkiwapa mlango huu watarudi kwenye vyumba vyetu vya kulala. Mimi naona wa kwanza walikuwa sahihi kuhusu mwaka ule, na wa pili walikuwa na sababu nzito ya kutoiamini serikali. Miaka miwili baadaye, Novemba 1986, California ilipigia kura pendekezo la kuuweka UKIMWI kwenye orodha ya magonjwa ambayo yangeruhusu karantini. Lilishindwa kwa kura 71 kwa 29 kati ya kila mia, lakini lilifika kwenye karatasi ya kura. Rais Reagan alitoa hotuba yake ya kwanza kubwa kuhusu ugonjwa huo Mei 1987, wakati Wamarekani zaidi ya 20,000 wamekwisha kufa.

Hofu hiyo ilikigusa kipimo pia. Kipimo cha damu kilipoidhinishwa Machi 1985, viongozi wengi wa mtaa waliwaambia watu wasikimbilie kupima: hakuna dawa, na jina lako likivuja utapoteza kazi na bima. Hata hivyo damu fulani ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanaume wapatao 6,700 wa jiji hilo walikuwa wamejitokeza kwenye utafiti wa homa ya ini aina ya B, na damu yao ikawekwa kwenye friji. Ilipotolewa na kupimwa, wanasayansi waliona virusi vikipanda mwaka hadi mwaka wakati mtaa mzima ulikuwa unacheza muziki na hakuna aliyejua. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 karibu nusu ya wanaume wapenzi wa jinsia moja wa San Francisco walikuwa wameambukizwa. Lakini damu hiyohiyo na tafiti zilizofuata zilionyesha jambo lingine: maambukizi mapya yalikuwa yameshashuka sana. Watu walikuwa wamebadili tabia kabla ya kampeni kubwa za serikali, kwa vijitabu, kwa mikutano ya sebuleni ambako watu wachache waliketi na mwezeshaji wakaulizana wazi wanafanya nini kitandani, na kwa kuwaona jirani zao wakikonda. Ukiniuliza kitu gani Castro ilifanya vizuri kuliko mtaa mwingine wowote, nitakutajia hicho, kabla ya maandamano yote.

Ila "mtaa" huo haukuwa wa kila mtu. Wengi walikuwa wazungu wenye kazi nzuri. Mwanaume mweusi aliyetaka kuingia baadhi ya mabaa ya Castro aliombwa vitambulisho viwili au vitatu, mzungu nyuma yake akapita na kimoja. Wenye asili ya Amerika ya Kusini waliishi zaidi mtaa wa jirani, Mission, na ilibidi wajiundie huduma zao kwa Kihispania. Mashirika mengi ya mwanzo yalizungumza lugha ya mzungu wa Castro, na waliokuwa nje ya lugha hiyo walichelewa kufikiwa. Walilipa kwa maisha yao.

Sasa kuzika. San Francisco haina makaburi ya kuzikia. Jiji lilipiga marufuku mazishi ndani ya mipaka yake mwanzoni mwa karne ya 20, na wafu hupelekwa mji wa Colma, kusini. Wengi wa Castro walichomwa, majivu yakakaa kwenye kabati la mpenzi au yakatupwa baharini. Au mwili uliondoka. Hapo ndipo sheria ilipouma. Mtu ameishi na mwenzake miaka 10, amemwosha, amembadilisha shuka, na siku ya kifo wazazi ambao hawajapiga simu tangu 1975 wanashuka uwanja wa ndege wakiwa na haki zote. Wanachukua mwili, wanachukua viti na meza, na kama mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la marehemu, aliyebaki anapewa siku za kuondoka. Kwenye gazeti la kwao inaandikwa kwamba kijana alifariki kwa saratani. Nadhani hilo si geni kwako. Wajane wengi wa Kagera walifukuzwa vibanjani miaka ileile, kwa sheria tofauti na uchungu wa aina moja.

Castro ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria. Mwaka 1982 Harry Britt alipitisha barazani azimio la kuwatambua wapenzi wanaoishi pamoja. Meya Dianne Feinstein akalikataa. Mwaka 1989 likapita, wapiga kura wakalifuta kwa tofauti ndogo. Mwaka 1990 likarudi kwenye kura na likashinda, na tarehe 14 Februari 1991 watu wakapanga foleni kujiandikisha. Undugu ambao Wodi 5B ilikuwa imeutambua kwa uungwana, sasa jiji likautambua kwa maandishi.

Njia ya pili ilikuwa kitambaa. Usiku wa 27 Novemba 1985, kwenye maandamano ya mishumaa ya kumkumbuka Harvey Milk, Cleve Jones, aliyewahi kufanya kazi naye, aliwaambia watu waandike kwenye makaratasi majina ya waliowapoteza. Walipofika jengo la serikali kuu wakayabandika ukutani, moja kando ya jingine. Jones alitazama akaona blanketi la viraka, kama lile la bibi yake. Mwaka 1987 wakakodi chumba barabara ya Market, karibu na Castro, wakaleta cherehani. Kila kiraka kilikuwa futi tatu kwa sita, ukubwa wa kaburi. Wanaume ambao hawakuwahi kushika sindano walijifunza kushona jina la marehemu kwa jinzi yake, kwa tai yake, kwa kidubu chake cha utotoni. Tarehe 11 Oktoba 1987 viraka 1,920 vilitandikwa mbele ya Bunge la Washington, na majina yakasomwa kwa sauti. Leo viko karibu 50,000, vina uzito wa tani 54, na vimerudi San Francisco. Waliokosa kaburi walipata mahali pa kwenda kulia, na akina mama wa mikoani, hata baadhi ya wale waliokuwa wamemkataa mtoto, walianza kutuma viraka kwa posta.

Tanzia nazo zilikuwa na nyumba yake. Bay Area Reporter, gazeti la mtaa lililotoka kila Alhamisi, lilichapisha bure picha ya marehemu na maneno machache. Watu walizifungua kurasa hizo kwanza, wakajua nani kaondoka wiki hiyo. Liliendelea hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, hadi tarehe 13 Agosti 1998, lilipoandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba wiki hiyo hawakuletewa tanzia hata moja. Katika jiji zima, UKIMWI umeua watu wapatao 20,000.

Kilichobadilisha ni dawa za mchanganyiko, zilizofika mwaka 1996. Watu waliokuwa wanabebwa walianza kutembea. Kwenu mpango wa taifa wa ARV ulianza mwaka 2004, na kilichotokea katika miaka hiyo minane ya katikati unakijua wewe kuliko mtaalamu yeyote.

Mbona mtaa bado upo? Upo kama mahali: bendera, mabaa, sinema ya zamani. Watu waliobaki ni habari nyingine. Wengi waliambiwa na madaktari kwamba wana mwaka mmoja au miwili, wakaacha kazi, wakatumia akiba. Wapo waliouza bima zao za maisha kwa kampuni zilizolipa sehemu ya thamani na kusubiri wafe. Hawakufa. Wakajikuta wazima, na fedha zimekwisha, marafiki wote wamezikwa, na kodi za San Francisco zinapaa kwa fedha za kampuni za kompyuta. Wenye nyumba waliwaondoa wengi wao mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo waliookoka na ugonjwa walihamishwa na pango. Leo zaidi ya nusu ya wanaoishi na VVU katika jiji hilo wamevuka miaka 50. Barabara ya Laguna, si mbali na Castro, zimejengwa nyumba za bei nafuu za wazee wa jamii hiyo, nazo hazitoshi waombaji. Shanti bado inatuma watu wake majumbani na jiko la Open Hand bado linapika; wengi wanaogongewa mlango siku hizi ni wazee wanaoishi peke yao, na shida wanayoisema kwanza ni upweke na magoti.